Mpira Uko Wapi?

Baba mdogo alikuwa na gunia tupu la mbolea alilolichana likawa kama shuka. Juu yake alichora uwanja kwa mkaa: mstari wa kati, duara, maboksi mawili ya penalti na vibendera vya kona. Siku ya mechi, pale nyumbani Mwazye, mkoani Rukwa, gunia lilitandikwa barazani karibu na redio, na sisi watoto tukatumwa jikoni kuleta wachezaji. Maharage mekundu 11 yalikuwa Simba. Punje 11 za mahindi ya njano zilikuwa Yanga. Mpira ulikuwa kifungo cheupe cha shati.

Betri za redio zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza dakika 90. Waya wa antena ulipanda hadi kwenye tawi la mkaratusi. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda, koti limefungwa mpaka shingoni kwa ile baridi ya Ufipa, mkononi ana kijiti cha ufagio. Mtangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) aliposema timu gani inashambulia kutoka kusini kwenda kaskazini, gunia liligeuzwa mpaka dira ikae sawa. Aliposema mpira unarushwa karibu na kibendera cha kona, upande wa jukwaa kuu, kijiti kilisukuma kifungo hadi pale pale. Winga akimpiga chenga beki, harage moja liliruka punje moja. Krosi ikipigwa, kifungo kilivuka boksi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona Uwanja wa Taifa, ulioko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara kutoka kijijini kwetu, lakini tuliujua kama tunavyoujua uwanja wa shule.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba gunia lile lilikuwa na ndugu yake Uingereza, na kwamba ndugu huyo alizaliwa mwaka 1927.

Kabla ya mwaka huo, magazeti na mashirika ya habari ya Uingereza yalikuwa yameibana redio isitangaze michezo moja kwa moja, kwa hofu ya kupoteza wasomaji. BBC ilipogeuzwa kuwa shirika la umma Januari 1, 1927, kizuizi kile kikaondoka. Januari 15 ikatangazwa mechi ya raga ya England na Wales uwanjani Twickenham. Wiki moja baadaye, Januari 22, ikatangazwa mechi ya kwanza ya kandanda, Arsenal na Sheffield United pale Highbury, iliyoisha kwa sare ya bao 1-1. Mtangazaji wa mechi zote mbili alikuwa Teddy Wakelam, kapteni wa zamani wa jeshi aliyewahi kucheza raga. Jarida la Radio Times lilichapisha picha ya uwanja uliogawanywa katika miraba minane yenye namba. Wakelam alipokuwa anasimulia, mwenzake alitaja namba ya mraba ulipo mpira, na msikilizaji nyumbani akafuata kwa kidole.

Ni gunia la baba mdogo, ila la karatasi.

Kuna jambo jingine kuhusu Wakelam ambalo kila kijana anayekabidhiwa kipaza sauti angepaswa kulisikia siku yake ya kwanza kazini. Pale Twickenham aliletewa shabiki wa raga aliyekuwa kipofu, akaketishwa mbele ya kibanda cha matangazo. Wakelam akaambiwa asijali maelfu ya wasikilizaji asiowaona, amsimulie huyu mmoja tu. Sijui shule bora ya utangazaji kuliko hiyo. Ukimweleza kipofu habari za mpira, huwezi kumwambia tu kwamba ni hatari, hatari, hatari! Atakuuliza: hatari wapi? Nani ana mpira? Kipa amesimama wapi?

Wamarekani walikuwa wametangulia. Agosti 5, 1921, kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilimweka Harold Arlin, mfanyakazi wa kampuni ya Westinghouse, uwanjani Forbes Field akiwa na simu iliyogeuzwa kipaza sauti. Alitangaza mechi ya besiboli ambayo Pittsburgh Pirates waliwafunga Philadelphia Phillies 8-5. Mchezo wenyewe ndio uliowaumba watangazaji wa nchi hizi mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea wanapodhani kwamba Mwingereza ni mtulivu kwa damu na Mmarekani ni mwenye maneno kwa damu. Besiboli ina vituo vingi. Mrushaji anasimama, anatazama, anafikiri, anarusha, mpigaji anakosa, mpira unarudishwa, wanaanza tena. Kati ya rusha na rusha kuna nafasi, na redio haivumilii ombwe. Mtangazaji wa Marekani akalazimika kulijaza kwa takwimu, kwa hadithi za utoto wa mchezaji, kwa habari za hali ya hewa. Kandanda haikumpa Mwingereza nafasi hiyo. Mpira ukitoka kwa beki unaenda kwa kiungo, na ukichelewa kusema umepitwa.

Hitaji hilo la kujaza nafasi lilizaa mambo ya ajabu. Miaka ya 1930 vituo vingi vya Marekani havikupeleka mtu kila uwanja. Vilipokea matokeo ya kila mrusho kwa telegrafu, na mtangazaji akiwa studio akayageuza kuwa simulizi kana kwamba anaona kwa macho yake. Mmoja wao alikuwa Ronald Reagan wa kituo cha WHO cha Des Moines, Iowa, aliyetangaza mechi za Chicago Cubs namna hiyo miaka mingi kabla ya kuwa rais wa nchi. Alisimulia mwenyewe jinsi telegrafu ilivyokatika siku moja katikati ya mchezo. Hakutaka wasikilizaji wahamie kituo kingine, kwa hiyo akamfanya mpigaji aendelee kuupiga mpira nje ya mstari, mara ya pili, ya tatu, ya kumi, dakika baada ya dakika, mpaka waya ukarudi. Hadithi hiyo huchekesha watu. Mimi hunisikitisha kidogo, kwa sababu nadhani kule Iowa palikuwa na mtu mwenye gunia lake, anakisogeza kifungo kwa imani.

Wakati RTD inajenga utangazaji wetu wa kandanda, ilifuata njia ya Wakelam. Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge, Salim Mbonde, Charles Hilary, Dominic Chilambo: majina haya, kwa mtu aliyekulia Rukwa wakati huo, yalikuwa na uzito sawa na ya wachezaji. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake, lakini wote walikuwa na adabu moja. Jina la mwenye mpira, mahali alipo, anakoelekea, aliyemkabili. Na hatukupewa miraba yenye namba, tulipewa dira. Kusini na kaskazini, jukwaa kuu na upande wa pili, ndiyo ramani waliyoichora kwa Kiswahili, na iliingia kichwani bila kuhitaji jarida, nchi nzima, kwa watu wasiojua kusoma na wanaojua.

Upande wa Kenya alikuwepo mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilivuka mpaka bila pasipoti, na ambaye kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana? kilidumu kwa miongo. Mwaka 2025 ulituchukulia wawili: Mbotela mwezi Februari, na Charles Hilary mwezi Mei. Hilary alikuwa ametoka mbali. Alipitia RTD, Radio One, Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle na ile ya BBC, akarudi nyumbani Azam TV, na hadi anafariki alikuwa akisimamia mawasiliano ya Ikulu ya Zanzibar. Alipokuwa London, BBC ilikuwa ikitangaza Ligi Kuu ya England kwa Kiswahili Jumamosi katika Ulimwengu wa Soka. Baba mdogo alipoisikia sauti aliyoizoea kwa Simba na Yanga ikitangaza sasa Arsenal na Chelsea, alinyanyuka akaenda jikoni mwenyewe kuleta maharage. Hakujua mchezaji hata mmoja. Ila alijua kwamba kifungo kitasogea.

Habari aliyoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1979, ya Simba na Mufulira Wanderers ya Zambia. Simba walifungwa 4-0 Dar es Salaam katika klabu bingwa Afrika, nchi nzima ikawazika. Wakaenda Lusaka wakashinda 5-0. Kwetu sisi tunaopakana na Zambia, mechi ile ilikuwa na uchungu na utamu wa majirani. Baba mdogo huisimulia bao kwa bao, akionyesha kwa kidole kwenye gunia mahali mpira ulipotokea, ilhali Lusaka hajafika. Alichonacho ni alichosimuliwa na redio, na miaka yote hii hakijafutika.

Sasa niseme linaloniuma.

Hivi karibuni nilikuwa nyumbani Mwazye, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako mashambani. Watoto wa mdogo wangu walikuwa na simu yenye redio, nikawatandikia gunia nikitaka waone tulivyokuwa tukicheza. Mechi ilikuwa ya ligi, kituo sikitaji. Kipyenga kikapulizwa. Mtangazaji akaanza na salamu kwa wasikilizaji wa mikoa mbalimbali, akaingia kwenye wadhamini, akamtania mchambuzi, mchambuzi akajibu kwa kirefu kuhusu usajili wa dirisha dogo. Nyuma yao uwanja ulikuwa unanguruma. Kuna jambo lilikuwa linatokea. Nilikishika kijiti, nikatazama saa: dakika nne kamili kifungo hakikusogea hata nukta moja. Halafu ghafla, gooooli, kelele ndefu, misemo mitatu mitamu yenye vina. Mtoto wa miaka tisa akaniuliza, “Baba mkubwa, lilitokea upande gani?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Vijana wale wana vipaji. Kiswahili chao kina ladha, wana kasi, wanawajua wachezaji kuliko sisi tulivyowajua. Ila wamejifunza kazi ya redio kutoka kwenye televisheni. Peter Drury, Mwingereza ambaye sauti yake Afrika nzima tunaikumbuka kwa bao la Siphiwe Tshabalala pale Johannesburg Juni 11, 2010, anaweza kutoa tenzi kwa sababu picha imeshafanya kazi. Kila mtu ameuona mpira ukiingia kwenye kona ya juu. Yeye anaongeza moyo. Hapa kwetu Baraka Mpenja wa Azam TV anafanya hivyo kwa Kiswahili, na ninamfurahia sana kila ninapoketi mbele ya runinga mjini Sumbawanga, kwani ameonyesha kwamba lugha yetu haihitaji kuazima msisimko kwa mtu. Tatizo huanza kijana anapouchukua utenzi huo akaupeleka redioni bila picha. Unakuwa pambo lililotundikwa hewani, halina ukuta.

Na kutoka Marekani tumechukua kingine, pengine bila kujua kilikotoka. Julai 1, 1987 kituo cha WFAN cha New York kilianza kuwa redio ya mazungumzo ya michezo usiku na mchana, watu wakipiga simu na kubishana. Waingereza wakaiga, na sisi tukaiga. Sports Extra ya Clouds FM, Sports HQ ya EFM na vipindi vya aina hiyo asubuhi na jioni vimetupa jambo ambalo RTD haikutupa: uchambuzi wa wazi, viongozi wa klabu kuulizwa maswali, msikilizaji wa kawaida kusikika. Sitaki turudi nyuma. Lakini mazungumzo ya studio yana mahali pake, na yanapohamia ndani ya mechi yenyewe, mpira unageuka mgeni katika matangazo yake.

Mwalimu ninayemtaja kwa hili ni Mmarekani, na hapo naomba wale wanaoidharau Marekani wanisikilize. Vin Scully alitangaza mechi za besiboli za Dodgers kwa misimu 67, kuanzia mwaka 1950 klabu ikiwa Brooklyn hadi mwaka 2016 ikiwa Los Angeles. Klabu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958, mashabiki walizoea kwenda uwanjani na redio ndogo za transista, wakitazama kwa macho huku wakimsikiliza Scully, kwa kuwa waliamini hawajaona mpaka yeye aseme. (Kwetu nako wazee walioingia Uwanja wa Taifa na redio sikioni wanajua ninachosema.) Alikuwa anaajiriwa na klabu, jambo ambalo BBC isingelikubali, na bado mpinzani akicheza vizuri alimsifu. Aprili 8, 1974 alikuwa Atlanta wakati Hank Aaron, mtu mweusi aliyekuwa akipokea vitisho vya kuuawa, alipoivunja rekodi ya Babe Ruth kwa kupiga mpira wake wa 715 uliovuka uzio. Scully alisema mpira umekwenda. Kisha akanyamaza. Akaliacha jukwaa liseme kwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa na maneno machache juu ya maana ya mtu mweusi kushangiliwa vile katika kusini ya Marekani.

Ukimya wa namna hiyo unatokana na kuijua kazi. Anayeuogopa ni yule ambaye hana la kusema.

Magazeti nayo yanatofautiana, ingawa huko nitapita haraka. Mwandishi wa Marekani huingia hadi chumba cha kubadilishia nguo, akamhoji mchezaji jasho halijakauka. Mwaka 1978 Melissa Ludtke wa jarida la Sports Illustrated alishinda kesi mahakamani New York ili na wanawake wapate haki hiyo. Mwingereza husubiri kwenye korido na mkutano wa makocha, halafu hurudisha makali yake kwenye maandishi. Kwetu mwandishi humsubiri msemaji wa klabu. Haji Manara alihama na ukurasa mzima wa mbele alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2021, na waliofuata, Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga, walitoka katika uandishi wenyewe wa habari za michezo. Wanaifanya kazi hiyo kwa ufundi mkubwa, kiasi kwamba siku nyingine gazeti la michezo linaloletwa mjini kwetu Matai na basi lina maneno ya wasemaji kurasa nne na mechi yenyewe aya mbili.

Kuna jambo la Wamarekani ambalo Rukwa tungelichukua kesho. Kule kila mji wenye timu una sauti yake. Watangazaji wengi wa besiboli huanzia kwenye ligi ndogo za miji midogo, wanasafiri na timu kwa basi, wanatangaza mbele ya majukwaa yasiyojaa, na watu wa mji wanawajua kwa jina. Sisi tunadhani mtangazaji huzaliwa Dar es Salaam. Ligi ya mkoa wetu inachezwa, timu za Kalambo na Nkasi na Sumbawanga zinakutana, vijana wanatembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali kuja kutazama, na hakuna anayeisimulia kwa wale waliobaki kupalilia. Mwazye tunatumia kipaza sauti kwenye fainali za kijiji, na anayekishika huwa ni mtu wa matangazo ya vikao. Ila mwaka mmoja kijana wa darasa la saba alikichukua kwa utani. Akaanza kutaja: huyu ana mpira, anaelekea upande wa kanisa, anakutana na beki wa upande wa bondeni. Kanisa na bonde! Hakuna aliyemfundisha. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo nyuma ya umati, asiyeona kitu ila migongo ya watu, aliacha kurudisha chenji ili amsikilize.

Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ya Mbeya ilileta mechi zake za nyumbani Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Kwa hiyo Oktoba 22, 2020, siku ya Alhamisi, Simba ilikuja kwetu. Wenye nauli walikwenda. Baba mdogo miguu ilikuwa imeshakataa safari, akabaki nyumbani na gunia lake. Prisons hawakuwa na rangi jikoni kwetu, akawapa karanga. Yeye ni Simba tangu 1979.

Kabla mpira haujaanza aliligeuza gunia mara mbili, akatafuta ulikolala mji ule anaoujua, barabara iko wapi, upepo unatoka wapi. Prisons wakashinda 1-0, bao la Samson Mbangula. Kaka yangu aliyekuwa naye anasema kifungo kilipoingia kwenye goli la mkaa, mzee hakukirudisha katikati. Alikaa anakitazama, redio inaendelea, jua linashuka nyuma ya mikaratusi, na shangazi anaita kwamba maharage yanahitajika.

“Goli lile nalijua,” alisema. “Nimewahi kusimama nyuma yake.”